Waliomaliza Chapati Zangu

Sifa na heshima zimrudie Mungu wetu aliye hai, aliyenibakiza duniani mimi mzee nisiye na nguvu, ili niandike maneno haya kwa mkono wangu mwenyewe. Nawasalimu katika jina la Yesu Kristo. Nawasalimu ninyi mnaosoma mkiwa na raha, na zaidi ninyi mnaosoma mkiwa na msiba ndani ya nyumba, maana kwa ajili yenu hasa nimeshika kalamu.

Mimi ni Mzee Barasa. Nilizaliwa upande wa Kenya, karibu na Bungoma, nikavuka mpaka kuingia Uganda nikiwa utingo wa malori, na barabara ya Jinja ikanishika. Pale Bugembe, karibu na Jinja, niliokoka, na pale nililea watoto. Kanisa letu lilikuwa na ibada ya Kiswahili kwa ajili ya madereva na wachuuzi waliotoka Kenya, nami kwa miaka mingi nilikuwa mzee wa ibada hiyo. Kazi yangu ilikuwa maombi. Mtu akifiwa, niliitwa mimi. Mtoto akizaliwa, niliitwa mimi. Sikuwahi kukosa la kumwambia Mungu.

Mke wangu aliitwa Perusi. Macho yangu yalipoharibika nikashindwa kazi ya barabara, yeye ndiye aliyetulisha. Alinunua kigari cha mbao chenye magurudumu ya baiskeli, akaweka sigiri, yaani jiko la makaa, juu yake, akaanza kuchoma chapati kando ya steji ya teksi. Alikuwa akiuza chapati tupu, chapati ya kuviringishwa na mayai ambayo watu wa huku huiita roleksi, na kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage. Mimi nilikata nyanya na vitunguu, nikapokea pesa, nikapiga soga na wateja.

Ndugu zangu, anayepita hudhani biashara ile ni unga na mafuta tu. Perusi aliijua kwa undani. Aliniambia kwamba chapati tupu hurudisha gharama ya unga, mafuta na makaa, halafu basi. Faida iko kwenye yai. Lakini yai nalo ni la kuogopa, kwa sababu trei moja ikipasuka juu ya bodaboda umefanya kazi ya bure wiki nzima. Mvua ikinyesha makaa hupanda bei, na mteja hapandi pamoja nawe. Ukiongeza bei peke yako na jirani hajaongeza, unabaki umesimama na moshi wako. Kwa hiyo wengine hupunguza donge la unga, chapati ikawa ndogo na bei ikabaki ile ile. Perusi hakupenda hivyo. Alisema mtu mwenye njaa hupima kwa macho kabla hajapima kwa tumbo.

Kipimo chake mwenyewe kilikuwa bakuli la zilizobaki. Jioni aliliangalia. Zikibaki chache alifurahi, kwa maana asubuhi zilikuwa kikomando cha vijana wa bodaboda. Zikibaki nyingi, kesho yake alipunguza unga. Na bakuli likiwa tupu siku kadhaa mfululizo, aliongeza unga kidogo, kidogo tu. Kwa bakuli hilo tulisomesha binti yetu Loisi mpaka akawa mwalimu, akaolewa Mbale.

Siku moja Perusi alikuwa anakanda akasema kichwa kinamuuma. Akanawa mikono, akafunika unga kwa kitambaa chenye maji, akasema anajinyoosha kidogo. Hakuamka tena kwa akili zake. Hospitalini walituambia ni presha, imepasua mshipa. Tulimvusha mpaka wa Kenya tukamzika nyumbani kwetu Bungoma, na kanisa la Bugembe likakodi gari likatusindikiza lote.

Niliporudi nilikuta kitambaa kile bado kiko juu ya beseni, kimekauka kimekuwa kama ubao. Sikukiondoa. Nilinunua beseni jingine.

Watu walinishauri nipumzike. Sikuweza. Nyumba ilikuwa na ukimya ambao siwezi kuueleza. Nikasema, kigari ni cha Perusi, hakitalala. Nikakanda mwenyewe, nikasukuma mwenyewe, nikachoma mwenyewe. Nilikuwa nimemtazama akifanya hayo miaka yote, nikadhani kutazama ni kujua. Na tazama, ndugu zangu! Siku ya kwanza chapati zangu ziliisha. Siku ya pili ziliisha. Wiki ya pili bakuli la zilizobaki lilikuwa tupu kila jioni, jambo ambalo hata Perusi hakulipata.

Wateja walikuwa wengi na niliwajua wote. Alikuja Mwalimu Eriya, mzee aliyefundisha kwaya yetu, ambaye meno yalikuwa yamemwisha kinywani. Kila siku alinunua mbili. Alikuja Hajati Zaina, aliyetuuzia unga dukani kwake tangu mwanzo, akachukua tano za kupeleka nyumbani. Walikuja akina mama wa kanisa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kikapu chake. Hawakukaa sana. Waliniuliza kama nimelala, wakalipa, wakaondoka. Wasafiri wa teksi nao walinunua, ila sikuwaona wakirudi, na sikujiuliza kwa nini. Msafiri ni msafiri.

Jambo moja niliseme wazi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuonja chapati zangu. Tangu msiba, chakula kigumu hakikupita kooni. Nilikunywa uji asubuhi na chai jioni.

Nikasema moyoni, hii ni baraka. Mungu amechukua mkono wangu wa kuume, sasa ananipa soko. Nilifuata kipimo cha Perusi: bakuli ni tupu, ongeza unga. Nikaongeza. Likawa tupu tena, nikaongeza tena. Ndipo nikachukua rambirambi tulizochangiwa msibani, pamoja na akiba ya Perusi, nikamwendea fundi wa vyuma kule Jinja mjini. Alinitengenezea kigari kikubwa cha bati jeupe, chenye vioo pembeni, mahali pa sigiri mbili, na mwavuli mpana. Nikanunua unga wa magunia kwa jumla, mafuta ya madumu, mayai ya trei nyingi. Kile kigari cha zamani nilimuuzia muuza mahindi.

Jumapili iliyofuata mchungaji alinisimamisha mbele. Kanisa lilipiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele, na Mwalimu Eriya akalia machozi kabisa, akaimba wimbo wa kushukuru. Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa.

Na baada ya Jumapili ile wakaacha kuja.

Si wote kwa siku moja. Kwanza akina mama wawili hawakuonekana, halafu watatu. Hajati akatuma salamu bila kikapu. Mwalimu Eriya alipita kwa upande wa pili wa barabara, akanipungia mkono kwa furaha, akaendelea na safari yake. Jioni bakuli lilikuwa na chapati zilizobaki, kesho yake mabakuli mawili, halafu beseni. Nilizifanya kikomando, vijana wa bodaboda wakala mara moja. Mmoja wao aliniambia, kwa heshima lakini kwa kicheko, kwamba mzee, leo maharage ndiyo yameitafuna chapati. Nilimwona hana adabu. Nilipunguza bei, haikusaidia. Unga wa magunia ukaingia wadudu. Mayai yakaoza. Sigiri mbili zilikula makaa wakati wa mvua, na ya pili haikuwa na kazi yoyote ila kupasha hewa moto.

Niliwachukia, ndugu zangu. Sina neno jingine. Nilisema hawa ni watu wa siku ya mazishi tu. Wanamkumbatia mfiwa mbele ya kaburi, kisha akianza kuinuka wanamwonea wivu. Nilisema kigari kipya kimewauma. Nikaacha kukaa mbele kanisani, nikakaa nyuma. Siku mchungaji aliponiomba niongoze maombi, nilisimama, nikafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Nilisimama pale kanisa zima limeinamisha vichwa likingoja. Mwishowe Mwalimu Eriya akaanzisha wimbo kunifunika aibu, nami hata wimbo huo niliuhesabu kuwa dhihaka.

Baada ya hapo sikuomba tena. Si hadharani, si chumbani. Nilikuwa mzee wa maombi nisiye na ombi. Kigari kikubwa nilikiuza kwa bei ya hasara, magunia nikayatupa, nikapanda gari kwenda Mbale kwa Loisi. Sikumuaga mtu.

Loisi na mume wake wanakaa Nkoma, mtaa mmoja wa Mbale. Walinipa chumba kizuri na redio. Niliketi humo kama mzigo uliosahauliwa stendi. Loisi alinibembeleza twende kanisani, nikamwambia goti linauma. Mtoto wake mdogo alipoomba kabla ya kula, nilitazama dirishani. Siku moja binti yangu aliniambia, bila kupaza sauti, kwamba mama yake amekufa mara moja lakini baba yake anakufa kila siku mbele yake, na yeye hana nguvu ya kuzika kila siku. Nililisikia neno lile. Halikunigeuza, ila lilibaki.

Kisha Hajati Zaina alifiwa na dada yake, aliyekuwa ameolewa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Alimpigia Loisi simu kumweleza, kwa kuwa Hajati alikuwa kama shangazi kwa watoto wetu. Loisi akasema lazima niende, kwamba mama yake angekwenda. Hilo sikuweza kulipinga. Nilikwenda kwa shingo upande, nikiwaza kwamba nitamwonyesha Hajati jinsi mtu anavyokuja msibani kweli.

Tulifika mazishi yakiwa yamekwisha, watu wamekaa mikekani uani. Marehemu alikuwa ameacha binti mmoja, Mariamu. Mama yake alikuwa akiuza kabalagala, vile vitumbua bapa vya ndizi na unga wa muhogo, mbele ya nyumba yao. Na binti yule, macho yamevimba, alikuwa ameketi palepale mlangoni, kikaango mbele yake, anakaanga. Nadhani naye hakuweza kukaa ndani na ukimya.

Nilinunua kwa adabu, nikauma kimoja. Nje kilikuwa cheusi, kimeungua. Ndani kilikuwa kibichi, kinanata kwenye meno. Sikuweza kukimeza. Nikatazama kama kuna mahali pa kutema, na ndipo nikaona watu. Kila aliyetoka kwenye mkeka kuaga alipita kwa Mariamu akanunua. Mzee mmoja mwenye kanzu alinunua fungu zima. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni alinunua mafungu mawili, mtoto akanyoosha mkono, mama akamrudisha mkono taratibu. Hakuna hata mmoja aliyekula. Kikaango kilikuwa kikiisha, Mariamu anaongeza, kinaisha tena.

Nilisogea kwa Hajati. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto ameunguza vitu, ni vibaya kabisa, na watu wanavimaliza. Nikauliza watu wa Nakaloke wana njaa ya namna gani.

Hajati alinitazama. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Mzee Barasa," akasema, "na zako tulizimalizaje?"

Sikuelewa. Nilimwambia zangu zilikuwa na soko.

"Soko gani, mzee wangu? Zako zilikuwa ngumu kama kandambili. Mimi nilikuwa nawapa kuku, na kuku nao walikuwa wananitazama."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachotoka na machozi. Mimi sikucheka. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemfunga mgonjwa kidonda. Kwamba chapati zangu tangu siku ya kwanza hazikulika. Sikuwa nauacha unga upumzike, na mafuta niliyaogopa. Kwamba akina mama wa kanisa walikutana dukani kwake wakajadiliana nani aniambie, na Mwalimu Eriya akakataa. Alisema asiniambie mtu. Alisema mzee yule hana pa kuweka mikono yake, aachwe akande, nasi tununue. Basi wakagawana siku.

Nikamuuliza, basi kwa nini mliacha.

"Si ulinunua kigari kipya?" akasema. "Tulipokiona tulisema, Mungu ametenda, mzee amesimama. Tukaona tukiendelea ni kama kukutukana. Mwalimu alilia siku ile kwa sababu alijua umepona."

Ndugu zangu, nilitoka uani nikaenda nyuma ya nyumba, penye migomba. Nililishika shina la mgomba kwa mikono miwili. Wale niliowachukia kwa kuacha kununua walikuwa wameacha kwa kufurahi. Na bakuli tupu nililolihesabu kama soko lilikuwa kilio cha watu wakimlilia Perusi pamoja nami, kila jioni, mimi sijui. Pale ndipo nilipomlilia mke wangu. Msibani sikulia, nilikuwa nashughulika na wageni. Baadaye sikulia, nilikuwa nakanda. Nililia kwa sauti, mzee mzima, kwenye boma la Waislamu nisiowajua, na hakuna aliyekuja kuninyamazisha. Walijua msiba wa nani unaliliwa.

Lakini maombi hayakurudi siku ile. Nisiwadanganye. Nilijaribu, nikakuta kinywa bado kizito.

Nilimwambia Loisi nataka kwenda Bugembe kuomba msamaha kwa Mwalimu Eriya kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilipanga maneno njiani kote. Nilishuka steji, nikatembea mpaka kwake, nikaona mlango umefungwa nusu. Mke wake, Mama Eriya, alitoka akanitazama muda kabla ya kunitambua. Mwalimu alikuwa amefariki. Homa ilimchukua upesi, mvua zilipokuwa zinaanza. Hakuna aliyejua nilipo ila Hajati, kwa kuwa niliondoka bila kuaga, naye hata siku ile Nakaloke hakuwa na moyo wa kuniongezea msiba.

Nilikaa chini. Maneno yangu yote yalikuwa hayana mwenyewe.

Nilimweleza mama yule nilichokuja kusema. Akaniambia jambo ambalo hata Hajati hakulijua. Wengine waliwapa kuku, lakini Mwalimu alizila chapati zangu zote. Hakuwa na meno, kwa hiyo alizilowesha kwenye chai mpaka zikalainika, akazila na kijiko.

"Nilimwambia, baba, si uwape kuku?" akasema Mama Eriya. "Akasema hapana. Akasema hicho ni chakula cha msiba, hakimwagwi."

Nilitazama uani kwake. Nilitafuta kwa macho kitu anachouza, hata nyanya, hata makaa, ninunue chote. Hakuwa na chochote. Hakuwa mchuuzi. Wageni wa matanga walikuwa wamekwisha zamani, nyasi zimeanza kuota mlangoni. Sikuwa na la kununua. Basi nilikaa tu. Jua lilisogea, naye akaleta chai, tukanywa. Nilipotaka kuinuka akasema kwamba tangu matanga yaishe hakuna aliyeomba ndani ya nyumba ile. Aliinamisha kichwa bila kuniuliza kama ninaweza.

Nami nikaomba. Nilimwita Mungu, na sauti yangu ikatoka. Sikuomba kwa ufasaha. Nilimtaja Eriya, nikamtaja Perusi, nikamtaja mama yule kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Nilisema asante kwa ajili ya watu waliokula huzuni yangu bila kukunja uso. Jina la Bwana libarikiwe! Kinywa alichokifungua siku ile hakijafungwa tena.

Leo nakaa Nkoma. Loisi alinifundisha kukanda, alijifunza kwa mama yake, na alinicheka sana. Nina kigari kidogo karibu na mahali wanafunzi wanapopanga vyumba. Unga naufunika, naungoja. Ya kwanza kuiva naila mimi. Jioni mara nyingi zinabaki, na sina hasira nazo. Bado ninamkosa Perusi kila ninapokata nyanya, maana hakuna aliyekaa upande wa pili. Mungu hakuniondolea hilo, na sijamwomba aliondoe. Kila mwezi napanda gari kwenda kwa Mama Eriya, tunakunywa chai, tunaomba.

Ndugu yangu, kama umefiwa na unaona watu wamepungua mlangoni pako, usifanye haraka kuwahukumu kama nilivyofanya mimi. Huenda walikubeba mpaka walipodhani umesimama. Waite. Waambie bado unayumba. Na kama ni wewe uliyemwona jirani amenunua kitu kipya baada ya msiba wake, usimwache kwa sababu hiyo. Mtegemee Bwana, umwambie hata kwamba huna la kumwambia. Yeye hushika watu kwa mikono ya watu, na mara nyingi hatuitambui mpaka imetuachilia.

Wewe unayesoma, Mungu akupe watu wa kukaa nawe nyumba ikiwa kimya. Akupe chakula kipitacho kooni. Akifunge kidonda chako taratibu, akifungue kinywa chako kwa wakati wake, na amani yake ilale mlangoni pako usiku na mchana. Amina.